Adari: mwezi unaorudiwa katika kalenda ya Kiebrania

Adari ni mwezi wa 12 wa kalenda ya Kiebrania ukianza kuhesabu na Nisani, na kwa kawaida huangukia Februari na Machi. Jina hilo ni la Kibabeli, Addaru, na Wayahudi walirudi nalo kutoka uhamishoni. Kabla ya hapo Biblia hutaja miezi kwa namba zaidi, pamoja na majina machache ya kale kama Abibu, Zivu na Buli.

Wengi huujua kupitia kitabu cha Esta: Hamani, waziri wa mfalme wa Uajemi, alipiga kura kutafuta siku ya kuwaangamiza Wayahudi, na kura ikaangukia mwezi huu. Wakaokoka. Ndipo ikawekwa sikukuu ya Purimu, tarehe 14 Adari, na tarehe 15 kwa Yerusalemu. Kitabu cha Esta husomwa chote, na kila jina la Hamani linapotajwa watu hupiga kelele kulizima. Maskini hupewa sadaka, na majirani hupelekeana vyakula.

Lakini mimi naona uzito wa Adari uko kwenye hesabu. Miezi 12 mwandamo hufanya siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu huacha pengo hilo lilivyo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Wayahudi hawawezi kufanya hivyo, kwa kuwa Torati imeiweka Pasaka katika mwezi wa Abibu, yaani Nisani, shayiri inapotoa masuke. Kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi: Adari ya Kwanza yenye siku 30, kisha Adari ya Pili yenye siku 29. Purimu hufanyika katika ya pili.

Tazama matokeo yake. Mtoto mmoja wa kiume amezaliwa tarehe 25 Adari ya Kwanza, mwingine siku kumi baadaye, tarehe 5 Adari ya Pili. Mwaka wanaofikisha miaka 13, umri wa kuanza kuwajibika kwa amri, ukiwa na Adari moja tu, yule mdogo atatangulia: tarehe 5 huja kabla ya 25.

Mwaka 5787, unaoanza Septemba 2026, utakuwa na Adari mbili, na Purimu itakuwa Machi 23, 2027.