"Forgetful" si "careless": maneno tunayoyachanganya

Kijana mmoja aliingia steshenari yetu hapa Ngamiani, Tanga, na barua ya kumwomba radhi bosi wake, anataka ichapwe. Kaandika kwa mkono: "I am a forgettable person." Nikamuuliza, mdogo wangu, unamaanisha nini? "Kwamba nasahausahau, kaka." Kumbe alichoandika ni kwamba yeye mwenyewe hakumbukiki, ukimwona leo kesho umeshamsahau. Anayesahau ni "forgetful".

Dhana nyingine niliikuta kwenye wasifu wa dada aliyekuwa akiomba kazi ya mapokezi hotelini: "friendly and careless". Alilikata neno vipande viwili, "care" (wasiwasi) na "less" (bila), akaona ni mtu asiye na wasiwasi. Wala hakubuni, maana katika Kiingereza cha kale neno hilo lilibeba maana hiyo hiyo. Siku hizi maana yake ni mzembe. Asiye na wasiwasi ni "carefree", na hiyo ndiyo sifa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kila anayesahau kitu ni "careless". Chukua baiskeli, maana Tanga hatukosi. Mzee kaenda nayo sokoni, karudi kwa miguu, kafika mlangoni ndipo anajishika kichwa: iko wapi? Huyo ni "absent-minded". Akili ilikuwa kwenye jambo jingine, pengine zito. Mwenzake anaiacha bila kufuli kwa kuwa anaona uvivu kuinama. Huyo sasa ndiye "careless". Wa tatu anajua breki zimekufa, na bado anaiachia mteremkoni: "reckless", maana hatari kaiona na kaipuuza. Wa nne kaiegesha katikati ya njia, bodaboda zinampigia honi, yeye anachagua machungwa. "Oblivious". Neno hili asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kusahau, na zamani lilimaanisha msahaulifu hasa; leo aghalabu ni mtu asiyejua kinachoendelea pembeni yake.

"Negligent" nalo watu hulidhania ni "careless" iliyovaa suti. Sivyo. Ndani yake mna wajibu. Mlinzi aliyelala getini ni "negligent". Aliyesahau mwamvuli wake mwenyewe kwenye daladala siye. Sheria ya Uingereza ilipata nguzo yake hapo mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoanzia kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi iliyodaiwa kuwa na konokono ndani. Majaji wakasema mtengenezaji anawajibika kwa mnywaji, hata kama hawakuuziana.

Na jamani, bibi akisahau alipoweka miwani msimwite "senile", yaani aliyepotewa na akili kwa uzee. Linaumiza. "A bit forgetful" yatosha.

Turudi kwa yule kijana. Kosa lake lilikuwa kuacha stoo wazi usiku kucha. Nikamwambia aachane na sifa, aweke kitendo: "I forgot to lock the store." Akauliza, je, "nilipitiwa" haina Kiingereza chake? Ipo: "it slipped my mind". Akaipenda, akataka tuiweke hiyo. Nikamkatalia, hiyo ni ya mtu aliyesahau kununua chumvi.