RAID ni nini, na ni diski gani zinazoifaa kompyuta ya nyumbani

RAID ni utaratibu wa kuunganisha diski mbili au zaidi zikafanya kazi kama diski moja. Jina hilo lilianza kusambaa mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotoa hoja kwamba kundi la diski za bei nafuu linaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei ghali. Wakati ule walikuwa na mashine kubwa akilini. Siku hizi anayeuliza habari hizo kwa fundi wa Kampala au Mbale ni mhariri wa video za harusi na kwanjula, yaani sherehe ya kutambulishana kwa familia za wachumba. Sherehe moja ya kamera tatu inaweza kumwachia gigabaiti mamia kadhaa, na kompyuta yake imeanza kumchosha.

Mipangilio yake huitwa kwa namba. RAID 0 hukata faili vipande na kuvigawa kwenye diski zote, kwa hiyo diski mbili zinazosoma megabaiti 200 kwa sekunde kila moja hukaribia 400 zikishirikiana. Diski moja ikifa, vyote vimekwenda. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili. RAID 5 hutaka diski tatu au zaidi, na pamoja na data huandika hesabu ya ziada inayowezesha kurudisha yaliyokuwa kwenye diski moja iliyokufa. RAID 10 hutaka nne: zinapangwa jozi jozi za nakala, kisha kazi inagawanywa kati ya jozi hizo. Ukiwa na diski nne za terabaiti 4, RAID 5 itakupa terabaiti 12 za kutumia na RAID 10 itakupa 8. Anayetaka kasi nyumbani ninamshauri achukue RAID 10, ingawa nafasi inayopotea inauma. RAID 5 hupiga hesabu kila inapoandika, na kwa vipande vidogo mara nyingi hulazimika kusoma kwanza ndipo iandike.

Kabla ya kutoa hela, jiulize unatafuta kasi ya aina gani. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa chake cha kusomea husubiri zaidi ya milisekunde 4 data ipite chini yake, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Kwa video ndefu inayosomwa mfululizo hilo si tatizo. Kwa kuwasha Windows au kufungua programu yenye maelfu ya vifaili, kila kifaili ni kusubiri upya, na kuongeza diski hakuondoi kusubiri huko. Ndiyo maana SSD moja, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ya kawaida ya kuchomeka kwenye tundu la SATA, inayosoma megabaiti 500 na ushei kwa sekunde, itafungua programu upesi kuliko diski nne za kuzunguka. Mfumo na programu viweke kwenye SSD. RAID iachie video, picha na miradi mizito.

Sasa diski zenyewe. Kundi huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote: ukichanganya ya 7,200 na ya 5,400, utapata mwendo wa 5,400. Ukubwa nao ni hivyo hivyo. Terabaiti 4 na terabaiti 2 kwenye RAID 1 ni terabaiti 2 tu. Nunua za modeli moja na ukubwa mmoja.

Jambo linalowaponza wengi zaidi haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kuna diski za CMR, ambazo kila mstari wa data una nafasi yake, na kuna za SMR, ambazo mistari hulaliana kama mabati ya paa ili data nyingi zaidi ienee. Ukitaka kubadilisha bati la chini, sharti uinue la juu yake. Diski ya SMR nayo, ikibadilisha mstari mmoja, hulazimika kuandika upya na ile jirani. Ukinakili faili chache hutaona kitu, maana kuna eneo dogo la muda linalopokea kwanza. Eneo hilo likijaa, mwendo huporomoka, na siku ya kujenga upya RAID baada ya diski kufa, kazi ya saa kadhaa inaweza kuchukua siku, au diski ikatolewa kwenye kundi katikati ya kazi. Mwaka 2020 ilijulikana wazi kwamba baadhi ya diski za WD Red za kampuni ya Western Digital, zilizouzwa kwa ajili ya RAID za nyumbani, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuelezwa.

Kwa hiyo dukani igeuze diski, usome namba ya modeli kwenye lebo, halafu uitafute kwenye simu ukiwa bado umesimama pale kaunta. WD40EFRX ni CMR. WD40EFAX, herufi moja tu tofauti, ni SMR. ST2000DM008 ya Seagate inazunguka mara 7,200 na bado ni SMR, kwa hiyo mizunguko peke yake haitoshi kukuhakikishia. Familia za WD Red Plus na Seagate IronWolf ni za CMR. Zina faida nyingine pia: zikikutana na sehemu mbovu, hujaribu kuisoma kwa sekunde chache tu kisha hutoa taarifa, ilhali diski ya kawaida ya mezani inaweza kung'ang'ana hadi kidhibiti cha RAID, kinachosimamia kundi, kikadhani imekufa.

Diski za mtumba zimejaa madukani, na sizikatai zote. Mwombe muuzaji aichomeke, mfungue CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, mtazame saa ilizofanya kazi na idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani sehemu mbovu ambazo diski imezibadilisha kwa za akiba. Sekta zikiwa zimeanza kuhamishwa, mrudishie.

Umeme nao uhesabu kwenye bajeti. Ukikatika RAID 5 ikiwa katikati ya kuandika, data inaweza kuwa mpya huku hesabu yake ikibaki ya zamani, na kosa hilo litajificha hadi siku utakapoihitaji. UPS, betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika, ya kukupa dakika chache za kuzima kompyuta vizuri ni sehemu ya RAID, wala si pambo. Na RAID haikulindi dhidi ya faili uliyoifuta mwenyewe, kirusi wala mwizi, kwa hiyo diski ya nje yenye nakala ya akiba, inayokaa nyumba nyingine, iendelee kuwepo.

Ukishafunga kila kitu, ukiwa umechagua mpangilio wenye ulinzi, usiweke kazi ya mteja siku hiyo. Nakili faili za kujaribia, zima kompyuta, chomoa waya wa diski moja, washa tena. Faili zifunguke, na programu ikuonye kwamba kundi limepungukiwa. Zima, irudishe diski, na uangalie kujenga upya kunachukua saa ngapi. Muda huo uuandike mahali pamoja na namba za diski zote na tundu ambalo kila moja imechomekwa.