Kompyuta zipo, luku atanunua nani?

Chumba kimoja huko Ujiji nilikikuta na kompyuta kumi zimefunikwa vitenge. Kijana anayejitolea kufundisha pale alifunua moja, akapangusa vumbi kwa kiganja. Hazikuwa mbovu. Luku ilikwisha, na kila mdau aliyepiga picha siku ya uzinduzi alidhani umeme ni wa mwenzake.

Kwa hiyo nawasihi wakazi wa Gungu, Katubuka, Kibirizi na mitaa mingine ya Kigoma: kabla hamjaomba kompyuta za kituo cha mafunzo cha mtaa, pigeni hesabu ya kuziendesha. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula kama wati 150. Kumi zikiwashwa kwa muda wa saa nane, ni uniti 12 za umeme kwa siku. Kompyuta mpakato (laptop) ya wati 50 ungekula theluthi ya hapo, tena betri yake huvumilia umeme unapokatika. Mfadhili akiuliza mnataka nini, mwambieni hilo bila haya.

Kisha gawaneni mzigo kwa maandishi. Serikali ya mtaa itoe chumba na mlinzi. Chuo cha ufundi kilete wanafunzi wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, nao watengeneze mashine. Wafanyabiashara wa dagaa na mawese wachangie bando, maana nao watakuja kuchapa ankara na kutafuta bei za masoko ya mbali. Vijana wanaosimamia kituo wakijisajili kama kikundi, wanaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ila mkopo hurejeshwa, hivyo kituo lazima kiwe na huduma ya kulipia, hata kama ni kuchapa na kutoa kopi tu.

Mafunzo kwa watoto wa mtaa yabaki bure. Hapo mimi sibadiliki. Mhitimu wa kidato cha nne anayetaka kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma kidato cha tano, hufanya hivyo mtandaoni, na siku zikifika mwisho mfumo humfungia. Asiye na simu janja nyumbani atakimbilia wapi?

Hati ya makubaliano itaje jina la anayenunua luku na tarehe ya kuinunua. Mapato na matumizi yabandikwe mlangoni kila mwisho wa mwezi, mwenye kuchangia mia tano naye asome.