Meno ya mashine ya kukwangua zege na lami: mambo tunayodanganyana

Kuna imani imeenea kwa mafundi kwamba meno yenye ncha za tangsten kabaidi (madini magumu kuliko chuma) ndo mwisho wa mambo, ukishayafunga kwenye ngoma, ile silinda inayozunguka chini ya mashine, unakwangua chochote kile, zege, lami, rangi, gundi, yote. Sio kweli bana. Meno yale yanafanya kazi kwa kugonga, ngoma ikizunguka yanarushwa nje yanaipiga sakafu mfululizo, na zege kwa kuwa ni gumu lakini linavunjika kirahisi, linabanduka vipande vidogo vidogo. Sasa piga hivyohivyo gundi ya vigae au plastiki ya mistari ya barabarani uone, vitu hivyo ni laini, vinameza pigo, vinapata joto, vinavutika alafu vinaganda kwenye ngoma mpaka meno yenyewe yanashindwa kucheza. Pale unataka meno ya kuchonga, yenye makali ya patasi, yanayomenya kama randa ya seremala. Na yana upande wake, ukiyafunga yakitazama nyuma yanasugua tu na ncha zinaisha bila kazi ya maana.

Eti lami ni laini kwa hiyo meno yoyote yanatosha? Lami yenyewe ndo laini, kokoto zilizomo ndani ni mawe kabisa. Meno ya chuma kitupu yanaliwa haraka sana pale. Alafu jua likiwaka lami inalainika inaanza kunata, kwa hiyo mistari itoe asubuhi mapema.

Hilo la chuma kitupu lina upande wa pili pia, wengine wanayadharau kabisa, wakati kwa kazi nyepesi kama kutoa rangi nyembamba, kutu kwenye bamba la chuma au uchafu ulioganda, yanafaa na bei yake iko chini. Kabaidi ukiigonganisha na nondo au kichwa cha bolti iliyotokeza inameguka, na haichongwi upya kirahisi, kwa hiyo kagua sakafu kwanza.

Lingine ni la kujaza meno kwenye shafti, vile vyuma vya ndani ya ngoma vinavyoyashika, mpaka yabanane ili mashine ikate zaidi. Meno lazima yawe na nafasi ya kucheza, yakibanwa hayarushwi nje, yanaburuzwa. Washa, yaani vile vipete vinavyotenganisha meno, hazipo kwa urembo: ukizipunguza na kuongeza meno unapata uso laini zaidi, ukiziongeza unapata mifereji, ambayo ndo unayoitaka kwenye mteremko ili watu wasiteleze. Ila shafti zinazotazamana zipange sawasawa, uzito ukizidi upande mmoja ngoma inatetemeka na beringi zinalia.

Na huu ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote, kushusha ngoma chini sana ili umalize haraka. Ncha tu ndo zinatakiwa kugusa sakafu. Ukizidisha, meno yanalala nyuma, yanagonga ngoma, matundu yanapanuka na shafti inaliwa, alafu fundi analaumu meno kwamba ni feki. Kama unataka kina, pita mara kadhaa, kila safari milimita 2 au 3 hivi. Na ukibadilisha meno angalia shafti pia, meno mapya kwenye shafti iliyoliwa hayafiki mbali.

Wapo wanaodhani mashine hii ndo maandalizi ya kila aina ya rangi. ICRI, taasisi ya ukarabati wa zege, ina kipimo cha ukwaruzo wa uso wa zege kinaitwa CSP, 1 ni uso karibu laini na 10 ni uso wenye mikwaruzo kabisa, na mashine hii kawaida inakupeleka 4 kwenda juu. Rangi ya epoksi nyembamba juu ya uso kama huo itaonyesha kila mstari, hapo tumia mashine ya kusaga yenye almasi.

Na kubadilisha aina ya meno hakukuondolei vumbi, zege lina silika na hiyo inaua mapafu polepole, funga vakyumu au maji, na barakoa ya vumbi iwe ya kweli sio kitambaa.