Mchango wako wa kwanza kwenye programu huria uanze na hitilafu

Wanaotaka kuchangia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, huniuliza sana wajifunze lugha gani ya programu kwanza. Mimi ni msimamizi wa mradi wa aina hiyo, na jibu langu ni hili: chagua programu unayoitumia mwenyewe, kisha fuatilia hitilafu inayokukera. Programu usiyoitumia hutajua inaumia wapi.

Pakua msimbo, soma faili za README na CONTRIBUTING zenye maelekezo ya kuanza na ya kuchangia, uiendeshe programu kwenye kompyuta yako mpaka majaribio yake ya kiotomatiki yapite. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, maana maelekezo mara nyingi yamepitwa na wakati. Ukikwama, andika kilichokukwamisha. Kuyasahihisha maelekezo hayo ni mchango kamili, nami huupokea kwa furaha.

Sasa tuseme programu inajizima kila ikifungua faili fulani ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) yenye mistari 10,000. Ukituambia tu kwamba "haifanyi kazi", hatuna pa kuanzia. Ikate faili nusu kwa nusu: nusu inayoizima ibakize, nyingine iweke kando, kisha ukate tena. Kama tatizo liko kwenye mstari mmoja, mikato 14 hivi inatosha kuufikia. Pengine utakuta alama ya nukuu iliyofunguliwa bila kufungwa. Tuletee mstari huo, toleo la programu, mfumo endeshi na ujumbe wa kosa ulivyo, neno kwa neno. Na kama toleo la zamani lilikuwa sawa, amri ya git bisect, ya chombo cha Git kinachotunza historia ya msimbo, huikata historia hiyo kwa mtindo huohuo mpaka badiliko lililoleta hitilafu lijulikane.

Taarifa kama hiyo naishughulikia kabla ya nyingine zote. Wasimamizi wengi tunajitolea, na kutafuta chanzo cha hitilafu mara nyingi hula muda kuliko kuirekebisha.

Ukitaka kurekebisha mwenyewe, fungua tawi jipya (nakala ya kando ya msimbo), geuza mstari ule uwe jaribio linalofeli, andika msimbo mpaka lipite, kisha fungua ombi la kuliunganisha badiliko lako (pull request). Usiguse kingine, hata kama msimbo wa jirani unakuudhi: badiliko la mistari mitano hukaguliwa leo, la mistari mia tano husubiri. Kipengele kipya kikubwa, uliza kwanza kabla ya kukiandika.

Mkaguzi akikurudishia kazi na maswali, jibu kila moja na usahihishe kwenye tawi lilelile. Kimya kikizidi wiki mbili, kumbusha kwa upole hapohapo. Usifungue ombi jingine.