Nahau za Kiingereza za kukasirika: kinachopotea si hasira

Kwa Kiswahili hasira humpanda mtu. Kwa Kiingereza mtu hupoteza kitu: "he lost his temper". Mwanafunzi anayejua kwamba "lose" ni kupoteza hudhani hasira zimekwisha, kumbe ndiyo kwanza zimeanza. Neno "temper" linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchanganya kwa kiasi, na zamani lilitaja hali ya mtu aliyetulia. Utulivu huo ndio unaopotea. Ndiyo maana "keep your temper" ni kujizuia, wala si kuweka kinyongo.

Makosa mengi hutokea kwenye maneno madogo. Katika "lose your temper", neno la kumiliki humfuata mwenye hasira: "I lost my temper", "she lost her temper". Unayemfokea hutanguliwa na "with": "she lost her temper with the driver". "See red" haitaki "the". Wengi huihusisha na fahali na kitambaa chekundu, ingawa ng'ombe hatambui vizuri rangi hiyo. Kinachomchokoza ni kitambaa kutikiswa. "Blow a fuse", yaani kuwaka ghafla kama fyuzi inayoungua umeme ukizidi, lazima iwe na "a". "Fly off the handle" ni kichwa cha shoka kuchomoka kwenye mpini. Ukisimulia ya jana sema "flew". "Hit the roof" haibadiliki ukisimulia yaliyopita: leo "I hit", jana pia "I hit". Na usijaribu kubadilisha "roof" kuwa "house", kwani msikilizaji ataelewa kwamba mtu amegonga nyumba.

"Let off steam" huwekwa kundi moja na hizi kimakosa. Inatokana na mtambo kutoa mvuke uliozidi, na maana yake ni kutoa dukuduku ili moyo upoe.

Angalia pia unazungumza na nani. Mmarekani akisema "I'm mad" kwa kawaida amekasirika. Mwingereza huweza kuelewa wazimu. "Pissed" ni hasira Marekani na ulevi Uingereza, na kote si neno la kusema mbele ya wakubwa.

Nahau hizi ni za mazungumzo. Ukiandika malalamiko kwa benki au mwajiri, ziache. "I am very unhappy with this service" inatosha, na msomaji wa barua atajua kabisa kwamba umechukia.