Je, wajua kwa nini mwizi huiba kasha asiloweza kulifungua?

Ukiingia nyumba kongwe za Lamu huenda ukaona kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba. Humo ndimo zilimowekwa dhahabu na hati. Mwizi akilibeba kasha bila ufunguo, leo hana alichopata. Ila akiamini kuna fundi atakayeuchonga ufunguo huo, atalificha angoje.

Hofu ya wataalamu wa usalama wa data ni hiyo hiyo: mtu ananakili sasa mafaili yaliyofumbwa, yaani yaliyogeuzwa yasisomeke bila ufunguo, aje ayafumbue kompyuta za kwantamu, zile za aina mpya zinazotumia kanuni za chembe ndogo mno, zikishapata nguvu ya kutosha.

Kufuli linalotumika sana, RSA, la tangu 1977, limesimama juu ya hesabu nyepesi kuielekea, ngumu kuirudi. Zidisha 53 kwa 61, upate 3,233. Sasa mpe mwenzako 3,233 peke yake azitafute zile mbili, atahangaika kidogo. Namba ya RSA ya kawaida ina tarakimu 617, na kompyuta tulizo nazo haziwezi kuivunja. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia ambayo kompyuta ya kwantamu yenye nguvu itaivunja. Kompyuta ya kiasi hicho bado haijaundwa.

Basi zahanati ya Lamu ihangaike ya nini? Neno la siri ukishuku limevuja, unalibadilisha jioni hiyo hiyo. Maradhi ya mtoto aliyetibiwa mwaka huu hayabadilishiki, na siri yake yafaa idumu miaka sitini au zaidi. Faili lake likishanakiliwa, kufuli jipya litakalowekwa baadaye halitamsaidia. Hili ndilo linaloniuma mimi.

Makufuli mapya yapo. Tarehe 13 Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matatu: ML-KEM ya kupeana funguo, na ML-DSA na SLH-DSA za kutia saini za kidijitali. AES-256, inayofumba mafaili yenyewe, ingali imara. Panapovuja ni pale funguo zake zinapopitishwa kwa RSA.

Kuanza hakuhitaji mtambo wowote. Mwenye kushughulikia kompyuta za zahanati akae na karani wa kumbukumbu, waandike kila zinakokaa taarifa za wagonjwa, zinapita wapi zikipelekwa Mombasa au Nairobi, na kila moja yapaswa kubaki siri miaka mingapi. Zile za miaka mingi ziwe juu. Kisha wamwandikie aliyewauzia programu: ML-KEM mtaileta lini? Jibu lake liingizwe kwenye mkataba kabla haujatiwa saini tena.